Ahmedabad na Majirani wa Majengo Yake

Msafiri anayekwenda India kwa mara ya kwanza aghalabu hupangiwa njia ileile: Delhi, Agra, Jaipur. Wenye biashara ya utalii wameiita Pembetatu ya Dhahabu, na sina nia ya kumzuia mtu asiifuate. Taj Mahal inastahili kila sifa iliyomiminiwa. Ila njia hiyo huyazoesha macho jambo moja, kwamba jengo la kihistoria ni kitu kinachosimama peke yake, kina bustani mbele, ukuta pembeni na mkata tiketi mlangoni, na kwamba kuutembelea mji wa kale ni kuyapitia majengo ya namna hiyo moja baada ya jingine mpaka orodha iishe. Mazoea hayo yakiingia Ahmedabad, katika jimbo la Gujarat, hayaoni kitu. Ndiyo maana nimeuchagua mji huo leo. Hoja yangu ni kwamba jengo la kale hupata maana yake, na mara nyingi hata usalama wake, kwa majirani zake: nyumba zinazoligusa, soko linalolizunguka, maji yaliyo chini yake, watu wanaolitumia. Anayelitenga na majirani hao, hata kwa nia njema ya kulihifadhi, analipunguza.

Ahmedabad ulianzishwa mwaka 1411 na Sultani Ahmad Shah wa Kwanza, ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati, mahali palipokuwa tayari na makazi ya kale ya Ashaval na Karnavati. Sultani alihamishia hapo makao yake kutoka Patan, akajenga ngome ya Bhadra, lango la matao matatu liitwalo Teen Darwaza, na Jama Masjid iliyokamilika mwaka 1424. Mjukuu wake, Mahmud Begada, ndiye aliyeuzungushia mji ukuta mwishoni mwa karne ya 15. Akbar, mfalme wa Wamoghuli, aliuteka mwaka 1572. Baadaye wakaja Wamaratha, kisha Waingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1861 kikafunguliwa kiwanda cha kwanza cha nguo za pamba, na viwanda vilipoongezeka watu wakaanza kuuita Manchester ya India. Gandhi alifanya makao yake hapo kuanzia mwaka 1915, na ni kutoka kando ya Sabarmati alikoondoka Machi 1930 kwa miguu kwenda kuivunja sheria ya chumvi. Mwezi Julai 2017 UNESCO iliuingiza mji wa ndani katika orodha ya Urithi wa Dunia, mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo ukiwa mji mzima. Neno mzima lina uzito hapo. Ndani ya eneo lililoorodheshwa, Idara ya Akiolojia ya India inalinda majengo 28. Manispaa imeorodhesha karibu 2,700, na mengi kati ya hayo ni nyumba za watu. Anayekuja na orodha ya yale 28 amekuja kuangalia sehemu ndogo sana ya kile kilichoufanya mji huu uheshimiwe.

Tuanze na jengo ambalo hakuna orodha inayolisahau. Jama Masjid ina nguzo zipatazo 260 na kuba 15, na minara yake miwili mirefu ilianguka katika tetemeko kubwa la Kutch la mwaka 1819. Ukisimama ndani utaona nguzo zilizochongwa kwa mkono wa mafundi waliozoea kujenga mahekalu ya Wahindu na Wajaini: maua ya yungiyungi, minyororo na kengele za mawe, tabaka juu ya tabaka. Wapo waliolieleza hili kama masalia ya mahekalu yaliyovunjwa tu. Ni kweli kwamba mawe ya mahekalu yalitumika katika misikiti kadhaa ya awali ya Gujarat, na jambo hilo lisifichwe. Lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu mtindo uleule uliendelea kwa zaidi ya miaka 150 katika mawe mapya yaliyochongwa kwa kazi hiyohiyo. Sultani alikuwa na fedha na kibla. Ujuzi ulikuwa wa vyama vya mafundi wa hapo, na walijenga kwa lugha ya mawe waliyorithi kwa baba zao. Msikiti huu ni matokeo ya ujirani, na asiyewajua mafundi wa mahekalu hawezi kuueleza.

Hatua chache upande wa mashariki ni kaburi la Ahmad Shah mwenyewe, pamoja na mwanawe na mjukuu wake. Mbele kidogo, juu ya jukwaa la mawe, ni makaburi ya wake wa masultani, yaitwayo Rani no Hajiro. Kati ya makaburi hayo ni soko la Manek Chowk. Asubuhi huletwa majani ya kulisha ng'ombe, mchana ni masonara wa dhahabu na fedha, usiku meza za vyakula huijaza nafasi yote hadi saa nane. Jukwaa la malkia limezingirwa na vibanda vya nguo na mapambo ya kike. Mtu aliyezoea Agra hukasirika: mbona hawauondoi uchafu huu ili tuyaone makaburi? Mimi naliona jambo hili kinyume kabisa. Soko halikulivamia kaburi. Mwanzilishi wa mji alizikwa katikati ya mji, penye msikiti na biashara, kwa sababu hapo ndipo alipotaka wafu wa ukoo wake wakae. Ukiyaondoa maduka yale utabaki na mawe safi yaliyopoteza sababu ya kuwa pale yalipo.

Nyuma ya soko ndipo inapoanza sehemu kubwa ya mji, nayo haina mlango wa tiketi. Watu wa Ahmedabad huishi, au waliishi, katika pol. Pol ni mtaa wenye lango moja, mara nyingine mawili, uliojengeka kando ya kichochoro kinachopinda na kutoa vichochoro vingine visivyo na mwisho, na inakadiriwa ziko kama 600. Nyumba zake ni nyembamba upande wa njia na ndefu kwenda ndani. Kiunzi chake ni cha mbao, za msaji katika nyumba za wenye uwezo, na kuta za matofali hujazwa katikati ya mbao hizo. Mafundi wanasema ujenzi huo huyumba pamoja na ardhi inapotetemeka. Mbele ya mlango kuna otlo, ambayo mtu wa Lamu au Unguja ataijua mara moja kuwa ni baraza. Ndani kuna ua ulio wazi juu, na chini ya ua huo, katika nyumba nyingi, kuna tanka, birika la chini ya ardhi linalopokea maji ya mvua kutoka paani kwa mabomba. Kwenye njia panda husimama chabutro, mnara wa mbao au wa mawe wa kulishia ndege, uliochongwa kwa uangalifu uleule wa mimbari. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachoweza kuitwa mnara wa kumbukumbu. Vikiwa pamoja, ndivyo vinavyoeleza kwa nini watu laki kadhaa waliweza kukaa katika jua la Gujarat, katika mji ambao mfalme Jahangir wa Wamoghuli aliuchukia kwa vumbi lake hata akaupa jina la Gardabad, mji wa vumbi.

Maji yananipa ushahidi wangu wa pili, na huo una uchungu. Sabarmati ni mto wa msimu. Mji usio na mto wa kutegemewa ulichimba: ziwa la Kankaria la mwaka 1451, birika kubwa la Sarkhej kando ya kaburi la Sheikh Ahmad Khattu, na vav, yaani visima vya ngazi vinavyoteremka orofa kwa orofa mpaka kwenye maji. Katika kiunga cha Asarva kipo kisima cha Bai Harir, mwanamke wa nyumba ya Mahmud Begada, kilichojengwa karibu na mwaka 1500 kikiwa na orofa tano chini ya ardhi. Kina maandishi ya Kiarabu na ya Kisanskriti, na kando yake Bai Harir alijenga msikiti na kaburi lake. Msafiri Mwislamu na msafiri Mhindu waliteremka ngazi zilezile na kila mmoja akaisoma sadaka ile kwa maandishi yake. Kisima cha Adalaj, kaskazini ya mji, kilicho maarufu zaidi, ni cha miaka hiyohiyo. Leo watalii huteremka katika visima hivi kupiga picha, na Idara huyatunza mawe vizuri. Kilichokosekana ni maji. Mji ulipokua ulivuta maji ya ardhini kwa pampu kuliko mvua ilivyoweza kuyarudisha, na kisima cha Bai Harir kikakauka. Huu ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa jengo lililohifadhiwa bila jirani yake. Kila jiwe liko mahali pake, sheria imetimizwa, na kile ambacho mwanamke yule alikitoa kama sadaka hakipo. Sheria ya majengo ya kale haikupewa mamlaka juu ya maji ya ardhini, na walioiandika hawakuona kwamba kisima na maji ni kitu kimoja.

Nimeliacha kwa makusudi hadi sasa jengo linalotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Msikiti wa Sidi Saiyyed ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, usultani ukiwa unavunjika na jeshi la Akbar likiingia. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi, mmoja wa Waafrika waliofika Gujarat kwa njia za utumwa na za askari wa kukodiwa, wakapanda vyeo katika jeshi mpaka wakawa wenye mali na amri. Yeye alikuwa katika kundi la jemadari Bilal Jhajar Khan. Tusijidanganye kwamba alikuwa mtu wa pwani yetu, kwani Wahabeshi wa Gujarat wa karne ile walitoka zaidi nchi za Ethiopia, ingawa jamii ya Wasidi wanaoishi Gujarat hadi leo ina damu ya watu waliotoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Msikiti wenyewe ni mdogo. Utukufu wake ni madirisha ya nusu duara, yaliyotobolewa katika jiwe kwa nakshi nyembamba kiasi kwamba mwanga hupenya kama kwenye kitambaa cha lesi. Moja linaonyesha mti ambao matawi yake yanajisokota kujaza tao zima huku mtende ukisimama katikati yake. Mti huo umekuwa nembo ya mji, na chuo kikuu cha mambo ya uongozi cha Ahmedabad kiliunda alama yake kutokana nao. Lakini msikiti uliokuwa pembezoni mwa ngome ya Bhadra sasa umezungukwa na barabara za Lal Darwaza, na wengi huuona kutoka dirishani mwa basi. Kazi ya Mwafrika huyu inachapishwa kila mahali. Mazingira yaliyomwezesha Mwafrika kuagiza kazi kama hiyo kwa mafundi wa Gujarat, yaani kambi, ngome na mitaa ya askari, yamefutika, na pamoja nayo limefifia swali la yeye alikuwa nani.

Hapa mpinzani wangu wa kwanza ana silaha kali, na ataichukua kutoka msikiti huuhuu. Chini ya Waingereza jengo hili lilifanywa ofisi ya serikali ya kukusanyia kodi. Lord Curzon, Makamu wa Mfalme, alililalamikia waziwazi mwaka 1900, ofisi ikaondolewa, na mwaka 1904 akapitisha sheria ya kuhifadhi majengo ya kale ambayo ndiyo msingi wa sheria ya leo. Je, si kutengwa ndiko kulikouokoa? Nakubali nusu. Ofisi ile ilipaswa kuondoka. Lakini tuangalie ni nani aliyeiweka: dola iliyolichukua jengo la ibada na kuligeuza kacheri. Majirani waliokuwa wakiswali humo hawakuwa wamelidhuru. Na kilichofanyika baada ya ofisi kuondoka ni kwamba watu walirudi kuswali, na wanaswali hadi sasa. Mfano huu unaonyesha kwamba matumizi mageni huliumiza jengo. Hauonyeshi kwamba jengo linahitaji upweke. Minara inayotikisika ya Sidi Bashir, karibu na stesheni ya Kalupur, inasema hivyohivyo kwa upande wake. Msikiti uliokuwa kati yake uliharibiwa katika vita vya karne ya 18, minara ikabaki, na leo hutajwa kama kioja cha ufundi tu.

Mpinzani wa pili ni wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa anasema kweli: wanaobomoa nyumba za pol ni wenyeji wenyewe. Mbao za nguzo na roshani huuzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, nyumba huanguka, na ghala la saruji huinuka mahali pake. Hata hivyo tuulize ni kwa nini. Nyumba moja hurithiwa na ndugu wengi, na hakuna mmoja anayekubali kuitengeneza kwa ajili ya wote. Sheria ya kodi ya pango ya mwaka 1947 iliwaacha wapangaji wengi wakilipa fedha isiyotosha hata kununua misumari. Fundi wa mbao ni ghali kuliko fundi wa zege. Isitoshe, marekebisho ya sheria ya majengo ya kale ya mwaka 2010 yanapiga marufuku ujenzi mpya ndani ya mita 100 kutoka kila jengo linalolindwa na Idara, na kuweka masharti kwa mita nyingine 200, na hata matengenezo huhitaji kibali. Katika uwanda wa Agra masharti hayo yana mantiki. Katika mji uliobanana wenye majengo 28 ya namna hiyo, duara moja huingia ndani ya jingine, na mwenye nyumba anayetaka kuitengeneza roshani ya babu yake kwa njia halali hujikuta akisubiri karatasi, wakati jirani yake aliyejenga usiku kinyume cha sheria amekwisha kupaka rangi. Sheria imelinda jengo dhidi ya watu ambao ndio walinzi wake wa karibu. Manispaa imejaribu njia nyingine: mwenye nyumba iliyoorodheshwa anaweza kuuza haki ya kujenga asiyoitumia kwa mjenzi wa sehemu nyingine ya jiji, mradi fedha itumike kuitengeneza nyumba hiyo. Utaratibu huo una kasoro na ucheleweshaji, lakini unamchukulia mkazi kuwa mshirika, na kwa hiyo naupa thamani kubwa kuliko uzio wowote.

Pingamizi la tatu silijibu kwa kulikana. Watasema: unausifu ujirani, na hujui pol ni nini. Pol zilikuwa za tabaka na za dini. Malango yake yalifungwa usiku kwa hofu. Mji huu uliona machafuko ya kidini mwaka 1969, mwaka 1985, na mwaka 2002 yaliyoua watu wengi mno. Tangu mwaka 1991 ipo sheria ya jimbo inayoweka vizuizi vya kuuziana nyumba katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya machafuko. Ilitungwa kuzuia watu wasiuze kwa kutishwa, na wakosoaji wake wanasema imezidi kuwagawanya Wahindu na Waislamu. Yote hayo ni kweli. Na ni katika machafuko ya mwaka 2002 ambapo kaburi la Wali, mshairi aliyefariki mwaka 1707 na kuhesabiwa miongoni mwa mababa wa ushairi wa Kiurdu, lilibomolewa huko Shahibaug, na baada ya muda mfupi lami ikapita juu yake. Nalitaja kwa sababu ndilo linaloithibitisha hoja yangu kwa upande wa giza. Kaburi lile lilikuwa kando ya barabara kubwa, karibu na makao ya polisi. Halikuwa na mtaa wa watu wake ulioligusa, wala soko, wala mlango wa jirani uliotazamana nalo, na ukaribu wa serikali haukulisaidia. Ujirani unaweza kuwa na ukuta katikati, na ukuta huo uelezwe kwa mgeni kama ulivyo. Matembezi yanayompitisha mtalii kwenye milango mizuri ya msaji bila kumwambia kwa nini mtaa una lango yanamdanganya.

Watu wa haraka watauliza msafiri mwenye siku moja afanye nini. Jibu lilitolewa na mji wenyewe mwaka 1997, manispaa ilipoanzisha matembezi ya miguu ya asubuhi yanayoanzia hekalu la Swaminarayan la Kalupur, la mwaka 1822, na kuishia Jama Masjid. Katikati mgeni hupita ndani ya pol, hupita chini ya chabutro, huona mahekalu ya Wajaini yaliyojificha nyuma ya milango ya kawaida, na sanamu ya mshairi Dalpatram aliyeketi barazani pa nyumba yake. Hutumia asubuhi moja tu. Nalithamini jambo hilo kuliko brosha zote, kwa sababu linamlazimisha mtu apite kati ya majengo badala ya kuruka kutoka moja hadi jingine.

Hatari inayobaki ni ile ambayo Zanzibar na Lamu wanaifahamu. Mji Mkongwe uliorodheshwa mwaka 2000, Lamu mwaka uliofuata, na Unguja hadi leo ipo milango mirefu yenye vijidirisha vya kukunja inayoitwa ya Kigujarati, ushahidi kwamba mafundi na wafanyabiashara wa pwani ya Gujarat walileta kwetu namna yao ya kuipamba nyumba. Tunajua pia yanayofuata baada ya heshima ya UNESCO: nyumba ya ukoo hugeuzwa hoteli, kodi hupanda, wenyeji huhamia ng'ambo. Ahmedabad umeanza kuona familia zikihamia upande wa magharibi wa mto, kwenye magorofa yenye maegesho ya magari, na nyumba chache zikitengenezwa kuwa nyumba za wageni. Sidhani kila nyumba ya wageni ni dhambi; nyingine ndiyo iliyoiokoa paa isianguke. Lakini manispaa ya Ahmedabad huhesabu wageni na tiketi, na ningependa ihesabu pia kila mwaka, pol kwa pol, ni familia ngapi zimebaki, ni mabirika mangapi yanapokea mvua, ni chabutro ngapi bado zinatiwa nafaka, na itoe hesabu hiyo hadharani pamoja na ile ya majengo 28. Unguja na Lamu wangeweza kuanza hesabu kama hiyo bila kuingojea Ahmedabad.